Deki ya Samaki

Jirani, sogea hapa kivulini nikueleze, maana nyumbani hawanisikilizi na barazani wamenichoka. Mimi nataka kujua jambo moja tu. Ni nani huyo anayekesha usiku akapanga kwamba kadi iliyokuwa ikishinda jana, leo isishinde? Na kwa nini ananilenga mimi? Wenzangu naona hawaguswi. Wao kila ukiwakuta wako na kadi inayoshinda. Mimi nikishaijua tu, basi, imekwisha. Wallahi, watu wangekuwa na akili wangenikodi. Wangeniletea kadi za maadui zao nijifunze kuzicheza, ziharibike.

Mambo yalianzia kwenye simu. Kuna huu mchezo wa kadi za Pokémon, ule wa simu, wanauita Pokémon TCG Pocket. Ulitoka tarehe 30 Oktoba 2024. Aliyenitia ndani ni mpwa wangu. Kijana yuko chuo, hana mke, hana haraka, ana vidole vyepesi. Alinikuta nimekaa zangu Ndia Kuu nangoja wateja wasiokuja. "Mjomba, ni bure." Hilo neno bure ndilo lililonifikisha hapa nilipo maishani. Kila baada ya saa kumi na mbili unafungua pakiti, pakiti ina kadi tano. Pakiti mbili kwa siku, hutoi senti. Bando langu, chaji yangu, macho yanayouma yangu, stima ikipotea shida yangu. Lakini kadi, bure.

Sheria nilizielewa upesi, nikajiona msomi. Deki yako ni kadi 20. Kadi za jina moja hazizidi mbili. Ukimwangusha Pokémon wa mwenzako wapata pointi moja. Akiwa na alama ya ex, hao ndio vigogo, wapata mbili. Wa kwanza kufika tatu kashinda. Mchezo wenyewe dakika chache, chai yako haijapoa ushajua mbivu na mbichi. Nikasema hapa sasa ndipo. Mpira nimeshindwa, dhumna nimefukuzwa, keram vidole vyaniuma, lakini hapa ndipo.

Nikampata Charizard. Joka la moto, bwana! Likipiga, 200. Nikaonyesha mtaa mzima. Nikamwonyesha mpaka muuza kahawa, akatazama, akasema mashallah, akadai hela yake. Sasa kile ambacho hawakunambia ni kwamba joka halianzi joka. Laanza mtoto, Charmander. Mtoto umlee awe Charmeleon. Charmeleon umlee awe joka. Na likishakuwa joka lataka nguvu nne ndipo lipige, na nguvu wapewa moja kila zamu. Mimi niko hapo nalea, nangoja, nabembeleza, mwenzangu huko yuko na Pikachu. Pikachu halelewi. Akipata nguvu mbili na marafiki watatu wa umeme nyuma yake, anapiga 90 papo hapo. Watoto wangu wote wamezikwa bila meno.

Nikamuuliza mpwa, kwani kuna nini. Akacheka. "Mjomba, saa hii kila mtu ni Pikachu ama Mewtwo. Hiyo ndio meta." Meta ndiyo nini? "Ni kile watu wanacheza kinachoshinda." Sasa si ungenambia mapema? "Mjomba, hukuniuliza."

Basi nikaanza kumsaka Pikachu. Na huyo Pikachu si yule wa pakiti yoyote, ni yule wa ex, na nawataka wawili. Nikifungua pakiti, panya. Nikifungua nyingine, popo. Naamka alfajiri, kabla sijatia udhu nimefungua pakiti: kiwavi. Mama watoto aniuliza simu ya saa kumi na moja ni ya nani, namwambia ni kiwavi. Nusura nihame chumba. Nikavumilia, nikangoja, nikawapata Pikachu wangu wawili. Nikavaa kanzu nzuri siku hiyo. Nikaingia uwanjani.

Kumbe tarehe 17 Desemba washatoa mkusanyiko mpya. Ametokea mdudu wa kijani anaitwa Celebi. Huyo hupiga kwa kurusha sarafu. Kila nguvu aliyo nayo ni sarafu moja, kila sarafu ikilala upande mzuri ni 50. Na ana mwenzake wa nyuma, nyoka mmoja hivi, kazi yake kufanya kila nguvu ya majani ihesabiwe mbili. Kwa hivyo mimi na Pikachu wangu waliotoka jasho twakaa twatazama mtu anarusha sarafu, na nyingine, na nyingine, na nyingine. Anarusha kiasi cha kulipa nauli ya tuk-tuk mpaka Nyali.

Nimfuate Celebi? Nikamfuata. Mwisho wa Januari wakatoa wengine, Dialga na Palkia na Darkrai. Februari ikaisha na Arceus. Mpwa aniambia kwa huruma, "Mjomba, hiyo ishachapa." Kila mara, ishachapa. Haya ni mambo ya leso, wewe na mimi twayajua. Waenda Biashara Street, wachagua leso kwa roho yako yote, wapiga bei, walipa, wafika nyumbani umetuna. Mama watoto aikunjua, asoma jina, asema, "Hii si ile ya Mfungo Mosi? Wenzangu washaikatia vitambaa vya jikoni." Na wewe umesimama mlangoni na mfuko.

Halafu wasikudanganye eti kuna aina nyingi. Hilo ndilo laniudhi kuliko yote. Mkusanyiko wa kwanza pekee ulikuja na kadi zaidi ya 220. Zaidi ya 220! Hesabu mwenyewe deki ngapi zaweza kutoka hapo. Ziko nyingi kuliko tasbihi yangu yaweza kuhesabu. Sasa siku zile ingia ucheze. Wa kwanza, Mewtwo. Wa pili, Mewtwo. Wa tatu ana jina la Kijapani, nikasema huyu atakuwa mstaarabu. Mewtwo. Zile nyingine mia mbili ziko wapi? Ziko kwangu! Mimi ndiye nimezibeba. Mimi na watu wa aina yangu, huko duniani waliko, ndio twafanya mchezo uonekane una aina nyingi. Hao wataalamu wanaohesabu deki na kusema mwezi huu uwanja umechangamka, kuna mchanganyiko, ile asilimia ndogo ya mwisho kabisa ni mimi. Nawapambia takwimu. Hakuna aliyenishukuru.

Hapana, nasema uongo. Wananishukuru. Mchezo ukiisha, kuna kitufe cha kumpelekea mwenzako asante. Na kila anayenifunga ananipelekea. Sijaona watu wenye adabu hivi. Nimeshukuriwa kutoka nchi ambazo sitazifika.

Sasa mpwa, katika kunituliza, akanisimulia habari iliyonimaliza kabisa. Agosti 2024 kulikuwa na ubingwa wa dunia wa Pokémon, zile kadi zenyewe za karatasi, huko Honolulu. Deki ya kadi 60, si mchezo. Kila mtu alijua vigogo wa mwaka huo ni akina nani. Akatokea kijana wa Chile, Fernando Cifuentes, miaka 18, na deki ya Iron Thorns. Hiyo kadi kazi yake kuzima. Ikiwa mbele, vigogo wa mwenzako wanapoteza ule uwezo wao maalum. Wanabaki miili tu. Wenzake wamekuja na injini, yeye kaja na swichi. Akatwaa ubingwa, na dola elfu 50 juu.

Mpwa alitaka kunifundisha kwamba mtu husoma uwanja, akaona wote wanategemea kitu kimoja, akachagua kinachokiua hicho. Hayo aliyasema baadaye. Mimi nilishasikia nilichotaka: ukicheza kisichochezwa na mtu, wawa bingwa wa dunia. Na kisichochezwa na mtu ninacho! Ninacho tele!

Nikakaa nikafikiri. Mimi mtu wa Mvita. Babu yangu mvuvi, baba yangu mvuvi, mimi napanda feri ya Likoni nashika mlingoti. Deki yangu iwe nini kama si samaki? Basi nikaipanga. Goldeen, kisamaki kizuri chenye pembe. Seaking, mkubwa wake. Krabby, kaa. Tentacool, yule wa kuwasha waogeleaji. Magikarp, ambaye ukimpa nguvu yake hupiga kumi. Kumi tu. Lakini ana moyo. Na juu yao wote nikamweka Misty, dada mmoja wa samaki. Ukimtoa, warusha sarafu, ikilala vizuri samaki wapata nguvu, warusha tena, waendelea mpaka ilale vibaya. Watu wamemtoa Misty wakapata nguvu tano, sita, mpaka wasema imesomwa dua. Misty wangu mimi alala vibaya mara ya kwanza. Nimembadilishia saa, nimembadilishia mkono, nimeelekea kibla. Alala vibaya.

Siku ya kuizindua nilichagua Mkanyageni, jioni, pale kwa mama wa viazi karai. Nilitaka watu. Nikaagiza viazi vya hamsini na ukwaju mwingi, nikaketi kwenye benchi, nikaweka simu pajani. Watoto wa madrasa walikuwa wametoka, wakanizunguka. Mmoja ana barafu ya ukwaju, inadondoka begani kwangu. "Ami, wacheza Pokémon?" Nacheza. "Deki gani?" Samaki. Wakatazamana. Nilidhani ni kwa heshima.

Nikapewa kadi tano za kuanzia. Samaki mmoja tu humo, Goldeen. Nikamweka mbele, peke yake, nyuma hakuna mtu. Nikasema haidhuru, wengine wako njiani. Mwenzangu ndiye wa kwanza kucheza, na wa kwanza hapewi nguvu zamu hiyo, kwa hivyo sina wasiwasi. Namwona kaweka ndege mbele, Articuno, ndege wa barafu. Mzuri wallahi. Halafu namwona anatoa Misty.

Misty wangu! Dada wa samaki! Anafanya nini kwa ndege?

Sarafu ikapanda. Ikalala vizuri. Yule mtoto wa barafu ya ukwaju akasema, "Moja." Ikapanda tena. "Mbili." Watoto sasa wanahesabu pamoja, kwa sauti ya madrasa, wanavuta. "Taaatu." Ndege katimiza nguvu tatu kabla mimi sijagusa skrini. Akapiga 80. Goldeen hana themanini. Goldeen kaenda. Na ukiwa uwanjani huna Pokémon mwingine, hakuna mambo ya pointi tatu, mchezo umekwisha. Mimi sikucheza hata kadi moja zaidi. Sikupata zamu. Mama wa viazi ndio kwanza ametumbukiza viazi vyangu kwenye mafuta.

Simu ikalia. Asante.

"Ami," yule wa barafu akaniuliza, "kwani umeanza?"

Nikala viazi vyangu nimegeukia ukuta.

Baada ya hapo nikaapa, simu basi. Nitarudi barazani kwa wazee, kwenye karata za watu wazima, ambako mambo hayana apdeti. Wahedi wa sitini, bwana! Nani atakuja kunitolea Celebi kwenye wahedi wa sitini? Ree ni 11. Saba ni 10. Mzungu wa nne ni nne, wa tatu ni tatu, wa pili ni mbili, jina lenyewe lakupa hesabu. Kopa, uru, pau, shupaza, kila aina 30, jumla 120. Ukifika 61 ushapita nusu, umeshinda. Hapo ndipo akili inapotulia. Saba yampiga mfalme na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Karata hizi tulirithi kwa Wareno, hao hao walioanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Na Waomani walipowazingira humo, Machi 1696 mpaka Desemba 1698, watu wamekufa njaa na maradhi, mimi naamini kuna kona moja ya ngome palikuwa na mtu ana saba ya turufu mkononi anangoja mwenzake atupe ree. Karibu miaka mitatu. Hawakuletewa mkusanyiko mpya hata mmoja.

Ila hata barazani wameingia vijana. Ramadhani, baada ya tarawehe, wao huketi upande mmoja na kadi yao, ile ya kumaliza mkononi, ya "niko kadi". Nikasema hii naijua, nani Kenya haijui? Mbili waokota mbili, tatu waokota tatu, jokeri waokota tano. J yaruka mtu, K yarudisha njia, Q na nane ni swali, lazima ulijibu. Na A yakata maneno yote. Mtu akinitupia jokeri, mimi natupa A, naenda zangu. Ndivyo nilivyolelewa. Nikatupiwa jokeri. Nikatupa A kwa madaha, nikakunja mikono.

"Mzee, hapa A haizuii jokeri. Okota."

Tangu lini? "Tangu wiki jana, tulikubaliana." Mlikubaliana na nani? "Na wote." Nikaokota tano. Mtaa wa pili kule A yazuia. Mtaa wa tatu huwezi kumaliza na swali. Mtaa wa nne waweza, ila useme kadi kabla, na usiseme kwa kunong'ona. Kila kona ya mji huu ina meta yake, haiandikwi popote, na wote waijua isipokuwa mimi. Usiku huo mkono wangu ulijaa kadi mpaka nikawa naziweka nyingine kwenye kofia.

Nikarudi kwa wazee. Na hapa, jirani, ndipo penye aibu yenyewe, naomba isifike mbali.

Wahedi wa sitini twacheza wawili wawili, kila mtu na mwenziwe. Sasa nikaanza kuona nikikaa, watu wanakumbuka shughuli. Mmoja ana dawa. Mmoja kaitwa na mkewe ambaye nijuavyo yuko Lamu. Nikamhadithia mpwa, akili yake ikaenda kwenye mchezo mwingine wa kadi, Yu-Gi-Oh!. Huko deki ni kadi 40 mpaka 60, na kadi ya jina moja mwisho tatu. Lakini kuna orodha. Kadi ikizidi kushinda, ikiharibu uwanja, watu wote wanaicheza hiyo hiyo, hutiwa kwenye orodha. Yaruhusiwa mbili tu, au moja tu, au marufuku kabisa. "Mjomba," akasema, na alikuwa anajizuia kucheka, "nadhani wazee wamekutia kwenye orodha."

Nikaenda kuuliza, maana mimi si mtu wa kufichwa. Mzee mkubwa wa baraza akavua miwani akaifuta. Akasema, mwanangu, si chuki. Ila tumeona ukiwa upande huu, upande huu wafungwa. Tukakupeleka upande ule, ukafungwa upande ule. Uliitupa saba ya turufu kwa karata ya bure. Uliikata ree ya mwenzio mwenyewe. Vijana wameanza kuwekeana dau uko upande gani. Kwa hivyo tumeonelea, kwa muda, usikae.

Marufuku! Kadi nyingine hutiwa marufuku kwa nguvu zake. Na ukiitazama vizuri, hata mimi nimeuharibu uwanja kwa uwezo wangu. Nilijaribu kumweleza hivyo. Akavaa miwani.

Tukajadiliana. Nikasema kwenda kununua kahawa na kashata sikatai, lakini na mimi nipewe cheo. Wakanipa kuhesabu. Karata zikimalizika kila upande wasukuma zake, mimi nafunua moja moja najumlisha, natangaza mshindi. Kazi ya heshima. Hakuna sarafu, hakuna zamu, hakuna asante.

Jana wakasukuma. Nikahesabu upande wa dirishani, 64. Nikahesabu upande wa mlangoni, 67. Nikatangaza kwa sauti kwamba pande zote mbili zimeshinda, nikawapongeza.

Kimya. Mzee akajumlisha kwa midomo. Akanitazama juu ya miwani.

"Mia na thelathini na moja. Hiyo ree ya tano umeitoa wapi?"

Na mimi nikamuuliza, na wewe nakuuliza hapa hapa, jirani: kwani haiwezekani zimetoka mpya?